Tiki Haizimi Moto

Wadau, leo naomba tuache kidogo habari za simu na programu mpya, ingawa mtaona hatuendi mbali. Nina neno kuhusu masharti. Hasa yale ambayo serikali ya Marekani huwawekea wazima moto, polisi na ofisi za dharura za mitaani kabla ya kuwapa ruzuku ya kujiandaa kwa maafa. Utaniuliza, yatuhusu nini sisi wa Kenya? Vuta subira.

Februari 28, 2003, Rais George W. Bush alitia sahihi agizo la kuunda mfumo mmoja wa taifa wa kusimamia matukio ya dharura. Mfumo huo, NIMS, ukatolewa Machi 2004. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2005, mji au kaunti isiyoukubali ingekosa pesa za serikali kuu. Lengo lilikuwa zuri na silipingi. Idara kumi zikifika kwenye tukio moja, ziwe na kiongozi anayejulikana, ziitane kwa majina yale yale, zisikizane.

Sasa tazama kilichowasukuma. Septemba 11, 2001, wazima moto 343 wa New York walikufa. Katika jengo la World Trade Center kulikuwa na ripita, yaani mtambo wa kukuza mawimbi ya redio, uliowekwa baada ya bomu la 1993 ili redio za mkononi zisikike hadi ghorofa za juu. Ripoti ya tume ya uchunguzi ya 2004 inaeleza kwamba katika mnara wa kaskazini, saa tatu kasoro dakika sita asubuhi, mtu alibonyeza kitufe kimoja cha mtambo huo. Ili kipokezi kikuu kiweze kurusha sauti, kulikuwa na kitufe cha pili. Hicho hakikubonyezwa kamwe. Wakuu wa zimamoto wakajaribu, wakaona hausemi, wakaamua umeharibika, wakauacha.

Vitufe viwili jamani! Sisi tunaounda programu tunaijua hadithi hii hata kabla haijaisha.

Swali langu ni hili: ni sharti gani lingeigundua hitilafu hiyo mapema? Fomu ingeuliza, "Je, mna mawasiliano ya redio ndani ya majengo marefu?" Jibu lingekuwa ndiyo, na lisingekuwa uongo. Mtambo ulikuwepo, umenunuliwa, umefungwa ukutani. Tiki.

Na fomu ndizo zilizofuata. Katika miaka ile idara zilijipima zenyewe kwa chombo cha wavuti kilichoitwa NIMSCAST: unaingia, unajibu maswali kuhusu idara yako mwenyewe, unawasilisha. Wafanyakazi nao walitakiwa kupita kozi kama IS-700, ambayo unaisomea kwenye tarakilishi na kuimaliza kwa mtihani wa kuchagua jibu. Alama ya kupita ni asilimia 75, na ukitafuta mtandaoni hukosi mtu aliyeyaanika majibu. Kwa lugha ya kazi yetu, hilo ni jaribio ambalo mwenye programu ameliandika mwenyewe na linatoa "sawa" hata seva ikiwa inawaka moto.

Sharti moja lilinifurahisha. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2006, ruzuku zilifungamanishwa na lugha ya kawaida redioni pale idara mbalimbali zinapokutana. Acheni zile namba za "ten" hivi na "ten" vile, kwa sababu namba moja ina maana hii mji huu na maana nyingine mji wa jirani. Polisi wengi walinung'unika. Lakini sharti hilo lina sifa ambayo fomu haina: washa redio, sikiliza, utajua kama linatimizwa.

Kuna Julai 2004 pia. Maofisa walikusanyika Baton Rouge, Louisiana, kwa siku tano kufanya zoezi la kimbunga cha kubuni kilichoitwa Pam. Zoezi likasema wazi kwamba maji yangepanda juu ya kingo za New Orleans. Vikao vya kufuatilia vikacheleweshwa kwa kukosa pesa. Agosti 29, 2005, Katrina ikafika, na watu zaidi ya 1,300 wakafa. Haki itendeke: masharti ya NIMS yalikuwa bado machanga. Hata hivyo, lililosema ukweli ni zoezi.

Najua nitaambiwa mazoezi yamo katika baadhi ya ruzuku hizi. Yamo. Lakini zoezi la kuzunguka meza kwa chai na karatasi nalo huhesabika. Nitaambiwa pia Washington haiwezi kukagua kila kituo. Kweli, na wazima moto wengi wa Marekani ni watu wa kujitolea ambao mchana wana kazi nyingine. Ndiyo maana nasema wapunguziwe makaratasi. Tayari wanahesabu vifaa vya ruzuku angalau mara moja kila miaka miwili, na ruzuku ya EMPG huwataka wachangie nusu ya gharama. Ondoa fomu kumi, weka zoezi moja la kweli kwa mwaka pamoja na majirani, redio zirekodiwe, na matokeo yachapishwe hata yakiwa aibu.

Turudi nyumbani. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura. Mpango wa FLLoCA, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2021, uliitaka kaunti iwe kwanza na sheria ya mfuko wa tabianchi na kitengo cha kuusimamia. Sawa, lakini hivyo ni vitu vya kuonyesha kwenye faili. Mafuriko ya 2024 yaliua zaidi ya watu 250, na wa Mai Mahiu maji yaliwakuta usiku.

Kwa hiyo naomba sharti moja tu liongezwe. Kaunti ichague wadi moja ya bondeni. Onyo la mafuriko, lililoandikwa wazi kwamba ni la majaribio, litumwe saa nane usiku, tarehe ambayo ofisi ya gavana haijaambiwa. Tuhesabu simu ngapi zimelipokea kufikia saa nane na dakika kumi. Programu ya kuhesabu ni kazi ya wiki moja, niko tayari kuiandika bure. Kaunti ikikataa, ruzuku isubiri.