KUFUKUZWA KAZI SI NENO LA KINYWA TU

Mwenye kuuliza kwa nini sheria ya kazi ni jambo kubwa, na aitazame Kongwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza hapo mpango wa karanga, ikikusudia kulima eka zaidi ya milioni 3, nyingi zake katika Tanganyika. Mvua haikutosha, ardhi ikawa ngumu kama saruji, na Januari 1951 mpango ukavunjwa. Hasara ya pauni milioni 36 hivi ilifutwa katika vitabu vya London. Je, mfanyakazi Mwafrika? Sheria ya mabwana na watumishi ya siku zile iliweza kumtia hatiani mtumishi aliyeacha kazi bila ruhusa, bali haikumtaka bwana athibitishe sababu ya kumwachisha.

Taifa huru halikukubali mizani hiyo. Sheria ya mwaka 1964 ilizuia kufukuza watu ovyo, ikaunda kamati za wafanyakazi. Leo inayotawala ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nayo yadai mambo mawili pamoja: sababu ya haki na utaratibu wa haki. Likikosekana moja, kuachishwa huko si halali. Tena mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri, si wa mfanyakazi.

Yafaa maneno yatenganishwe. Mwenye kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu ni lazima aelezwe kosa lake na apewe nafasi ya kujitetea. Mwenye kupunguzwa kwa sababu kazi imepungua hana kosa. Kabla hajaondoka, mwajiri hana budi kutoa taarifa na kushauriana na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe, juu ya sababu na jinsi ya kuchagua watakaoondoka. Na aliyefanyiwa kazi isivumilike hata akaandika barua ya kujiuzulu, sheria yaweza kumhesabu kuwa ameachishwa.

Mwenye mshahara wa mwezi hustahili notisi ya siku zisizopungua 28, au malipo badala yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka 10. Aliyetumika miaka 8 hupata siku 56. Aliyefukuzwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu hakipati, lakini hata yeye hulipwa siku alizokwisha kufanya kazi na kupewa hati ya utumishi. Aliyeajiriwa mbali husafirishwa hadi alikoajiriwa, yeye na mizigo yake.

Kongwa ya leo ina ranchi ya ng'ombe, maduka, shule, na soko la mahindi la Kibaigwa. Kila penye mshahara pana siku ya kuachana. Hofu yetu ni kwa yule aitwaye kibarua mwaka hata mwaka, ambaye siku ya mwisho huambiwa, "Kesho usije," naye akaenda zake kimya. Na ajue kwamba sheria haitazami jina aliloitwa, bali namna anavyofanya kazi. Lakini ajue pia kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimfikii aliyetumika chini ya miezi 6, na kwamba shauri lake hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Akikaa nyumbani akingoja huruma, siku zinapita, na haki yake inapita nazo.

Hatumtetei mvivu wala mwizi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tunawataka viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi wayasome mambo haya mbele ya wanachama, tena kabla balaa haijafika. Na kila mfanyakazi aitunze barua yake ya ajira kama atunzavyo hati ya shamba, wala asitie sahihi karatasi asiyoielewa.