Macho ya Simbilisi Wachanga: Tuyatunzeje?

Mwezi huu mgonjwa wetu si wa kawaida katika ukurasa huu. Akina mama kadhaa wanaofuga simbilisi wametuuliza wafanyeje pale mnyama mchanga aliyeletwa nyumbani juzi tu anapoamka jicho limefumba na limejaa matongotongo. Sisi tumesomea kuuguza watu, na katika ugonjwa wa mnyama neno la mwisho ni la daktari wa mifugo. Hata hivyo tumeona tusilipite swali hili, kwa sababu mnyama huyu hulala jikoni na hupakatwa na watoto, na usafi wa jicho lake unahusu macho ya nyumba nzima.

Kwa wale wasiomfahamu, simbilisi ni yule mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye masikio ya duara, anayelia kama filimbi anapoona majani. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Kwetu Tanzania anajulikana sana Iringa, Njombe na Mbeya. Katika nyumba nyingi ni mali ya mama na watoto. Wengine humfuga kwa kitoweo, wengine kwa mbolea, na mjini wapo wanaomfuga kwa kumpenda tu.

Jicho lililofumba ni jicho linaloumwa

Wengi hukosea hapa. Mtoto wa sungura huzaliwa macho yamefumba, na hufumbuka baada ya siku 10 hivi. Simbilisi sivyo. Mama yake humbeba tumboni kwa siku 59 hadi 72, naye huzaliwa akiwa na manyoya, meno na macho yaliyo wazi. Kwa hiyo ukimwona mtoto wa simbilisi amefumba jicho, usiseme, "Bado ni mchanga, litafumbuka." Hilo jicho linauma.

Yafaa pia kujua jambo lisilo ugonjwa. Simbilisi mzima hutoa majimaji meupe kama maziwa mepesi katika macho yote mawili, kisha huyachukua kwa mikono yake na kujipangusa uso. Hudumu muda mfupi tu, na baada yake macho huwa maangavu. Hiyo ndiyo namna yake ya kunawa.

Dalili za ugonjwa ni hizi: matongotongo ya njano au ya kijani, kope zilizogandamana, ukingo wa jicho kuwa mwekundu, machozi yasiyokatika, kuvimba, na utando mweupe au wa bluu juu ya jicho. Utando huo ni wa hatari, kwani mara nyingi maana yake ni kidonda juu ya kioo cha jicho. Mnyama wa namna hiyo apelekwe siku hiyo hiyo.

Kabla ya kutafuta dawa, tafuta chanzo

Akina mama wengi hukimbilia tyubu ya dawa kwanza. Sisi twasema, piga magoti kwanza uangalie mahali anapolala. Mara nyingi chanzo kiko hapo, na kisipoondolewa, dawa itapakwa leo na ugonjwa utarudi wiki ijayo.

Kwanza ni malalo. Majani makavu yenye ncha kali na mbegu zenye miiba huchoma jicho, maana simbilisi hupenda kujichimbia ndani yake. Vumbi la maranda nalo huwasha. Mkojo uliokaa siku nyingi hutoa hewa kali. Inama uweke pua yako pale alipo. Ikiwa wewe unawashwa kwa dakika moja, yeye analala humo usiku kucha.

Pili ni moshi. Simbilisi wa jikoni hukaa chini karibu na mafiga. Moshi unaotutoa machozi sisi unamtoa machozi na yeye, na jicho lililochoka kwa moshi hushambuliwa upesi na vijidudu. Mhamishie mahali penye hewa, pasipo baridi wala upepo mkali.

Tatu ni chakula. Simbilisi ni kama sisi wanadamu: mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Kwa sababu hiyo, mwaka 1907 wataalamu wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliweza kuuchunguza ugonjwa wa kiseyeye kwa kumtumia mnyama huyu. Akila pumba na majani makavu peke yake, hudhoofika, na jicho lake haliponi vizuri. Kipande cha pera kama ncha ya kidole gumba kila siku chamtosha mchanga. Pilipili hoho na majani mabichi ya sukuma wiki pia ni mazuri. Usitegemee vitamini iliyotiwa katika maji, kwani huharibika upesi.

Nne ni vijidudu. Wapo bakteria wanaoshika macho ya simbilisi wenye umri wa wiki chache, umri ule ule tunaowaachisha kwa mama yao na kuwapeleka nyumba nyingine. Mmoja wao ni wa ukoo mmoja na yule anayeleta vikope kwa watu. Wengine hushuka mpaka mapafuni. Sungura anaweza kubeba bakteria wa mapafu bila kuonyesha dalili yoyote, kisha akamwambukiza simbilisi na kumuua. Ndiyo maana si vema kuwaweka pamoja katika banda moja.

Huduma ya kwanza

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Tumsisitize na mtoto anayesaidia.

2. Mfunge mnyama kwa kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa, kichwa kikiwa nje, asiruke na kuumia.

3. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Maji ya chumvi ya dripu kutoka duka la dawa yanafaa pia. Usikoroge chumvi kwa kukisia, maana ikizidi huchoma.

4. Lowesha kitambaa laini safi au shashi, kiweke juu ya kope kwa dakika 2 au 3 mpaka matongotongo yalainike. Usiyabandue yakiwa makavu.

5. Futa taratibu kuanzia pembe iliyo karibu na pua kwenda nje. Kila mpanguso na kipande chake, na kila jicho na vipande vyake. Anza na jicho lililo zima. Vipande vilivyotumika vichomwe.

6. Jicho likifumbuka, litazame penye mwanga. Ukiona mbegu au jani linaloelea, lisukume nje kwa maji safi ukitumia bomba la sindano lisilo na sindano. Kama limechoma na kushika, usilivute. Hiyo ni kazi ya daktari.

Dawa

Tunaomba hapa tusikilizwe kwa makini. Ile tyubu ya mafuta ya macho uliyopewa kliniki kwa ajili ya mtoto wako mchanga ni ya mtoto huyo tu. Mdomo wa tyubu ukishagusa jicho la mnyama mgonjwa, kisha ukagusa jicho la mtoto, umehamisha ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe.

Usitumie dawa ya macho yenye deksamethasoni, haidrokotisoni au dawa nyingine ya jamii hiyo. Kama kuna kidonda juu ya jicho, dawa hizo zaweza kukifanya kitoboke, na jicho likapotea. Usimpe simbilisi penisilini, ampisilini wala amoksilini zilizobaki kabatini. Dawa hizo huua bakteria wema wa tumbo lake, naye hufa kwa kuharisha baada ya siku chache. Kumbuka kwamba simbilisi hujipangusa uso na kulamba mikono, kwa hiyo hata dawa ya jicho huishia tumboni. Maziwa ya mama, majani ya chai, maji ya majani ya porini na mkojo visitiwe kabisa katika jicho, la mnyama wala la mtu.

Mwone afisa mifugo wa kata, yule ambaye wengi bado tunamwita bwana mifugo, akuchagulie dawa. Kama mnafuga kwa kitoweo, mwambieni mapema. Ziko dawa, kama kloramfeniko, ambazo hazifai kabisa kwa mnyama atakayeliwa. Kwa dawa nyingine atawaambia siku za kungoja kabla ya kuchinja.

Ukishapewa dawa, vuta ukope wa chini taratibu na uweke kiasi cha punje ya mchele, bila mdomo wa tyubu kugusa jicho. Timiza siku zote ulizoambiwa, hata kama jicho limetakata siku ya pili.

Usingoje kesho ukiona mojawapo ya haya: hali chakula kwa nusu siku, anahema kwa shida, puani kuna makamasi, au kichwa kimeinamia upande mmoja. Simbilisi asiyekula tumbo lake husimama upesi sana, na kifo hakiko mbali.

Mgeni akae peke yake kwanza

Simbilisi wapya wakae mbali na wa zamani kwa wiki 2 hadi 3, wakiwa na chombo chao cha chakula. Wahudumieni wa zamani kwanza, wageni mwisho. Kwa kuwa mnyama huyu huteseka akikaa peke yake, ni vizuri kuleta wawili wa jinsia moja.

Watoto wasiwabusu wala kuwalaza kitandani, hasa wenye macho mabaya. Mwaka 2017 madaktari wa Uholanzi walitoa taarifa ya watu 3 waliougua mapafu vibaya kwa sababu ya bakteria wa macho ya simbilisi, baada ya kuwa karibu na simbilisi wagonjwa. Jambo hilo ni nadra, hatulisemi kuwatisha. Lakini mtu wa nyumba hiyo akiwa na jicho jekundu au kikohozi na homa, aende zahanati na amweleze mganga kwamba nyumbani wana simbilisi anayeumwa.

Neno la mwisho

Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mwenye haki hujali hali ya mnyama wake. Tukimpa mtoto simbilisi, tumempa kiumbe kisichoweza kusema, "Naumwa." Basi tumfundishe kumtazama machoni kila asubuhi, kubadili malalo yake, kumkatia majani mabichi na kunawa mikono. Mtoto anayejifunza kuona maumivu ya asiyeweza kusema atayaona pia ya mdogo wake, na kesho ya bibi yake kitandani. Kazi hiyo hatuwezi kuwaachia daktari wala mwalimu, ni yetu sisi akina mama.