"Maziwa ya Mama Pekee": Pekee Gani?

Katika kliniki za akina mama huko Kisii na Nyamira, kama kwingineko nchini Kenya, mzazi huagizwa amlishe mwanawe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Mtaalamu wa afya huiona kauli hii kuwa wazi kabisa. Sisi wanafunzi wa isimu tuna haki ya kuuliza: neno pekee hapa linatenga nini?

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, linatenga kila kitu, hata maji, isipokuwa dawa na vitamini zilizoagizwa na mhudumu wa afya. Lakini kisarufi, pekee limefungamana na maziwa ya mama. Msikilizaji ana ruhusa kamili ya kufahamu kwamba, kati ya maziwa yote, ya mama ndiyo yatumike. Ya ng'ombe na ya kopo yawekwe kando. Maji si maziwa. Uji si maziwa. Nyanya anayempa mjukuu kijiko cha uji wa wimbi, mamaye akiwa shambani anachuma chai, hajaikaidi kliniki. Ameitii kama alivyoisikia.

Jambo hili lina uzito zaidi Ugusii. Robert LeVine na wenzake, waliotafiti malezi ya Abagusii tangu miaka ya 1950, waliwakuta akina mama waliolala na watoto wao na kuwanyonyesha mara tu walipolia, usiku na mchana, hata baada ya mwaka wa kwanza. Walipoonyeshwa filamu za akina mama wa Marekani, walisikitishwa na jinsi mtoto alivyoachwa akilia kabla ya kubebwa. (Nani basi aliyehitaji semina?) Hata hivyo, watafiti hao hao walieleza kwamba uji wa wimbi ulianza kupewa mtoto mapema mno. Kunyonyesha kulikuwapo tele. Kilichokosekana ni huo upekee. Kwa hiyo, bango linalomhimiza mama wa Nyamira anyonyeshe linamfundisha alijualo na kulinyamazia asilolijua.

Sikatai kwamba hatua zimepigwa. Kitaifa, watoto wa chini ya miezi 6 walionyonyeshwa bila kupewa kingine walikuwa asilimia 13 mwaka 2003, wakafika 61 mwaka 2014. Lakini utafiti wa 2022 ulipata 60. Sababu nyingine hazihusu lugha: Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3, nusu ya hiyo 6 anayoagizwa, na mama anayechuma chai yake mwenyewe hana hata hiyo. Hayo ni ya wabunge. Letu ni kauli.

Napendekeza isemwe kwa kukanusha, kitu baada ya kitu: asipewe maji, asipewe uji, asipewe maziwa ya ng'ombe, asirambishwe asali; ni titi tu mpaka atimize miezi 6. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza, yatajwe kwa jina lake, maana Kiswahili kinalo. Kisha kauli itafsiriwe kwa Ekegusii, na tafsiri ijaribiwe mbele ya nyanya, si mbele ya daktari: aulizwe iwapo kijiko kimoja cha maji kimeruhusiwa. Chuo Kikuu cha Kisii na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii viko katika mji mmoja. Kazi hii yaweza kuanza muhula ujao, kwa wanafunzi wawili na nyanya kumi.