Sifa ya mtoa huduma na hatima ya barua pepe: kwa nini ujumbe halali huishia kwenye barua taka

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 19, 2025, msafiri kati ya Kigongo na Busisi hasubiri tena kivuko. Barua pepe inayotumwa kutoka Busisi, wilayani Sengerema, bado ina kivuko chake. Mashine ya upande wa pili hukagua chombo kilichoibeba kabla ya kusoma neno hata moja lililoandikwa. Kwa mwananchi anayeomba ajira au zabuni kwa akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe, ukaguzi huo unaweza kumfanya apitwe na tarehe ya mwisho bila kujua.

Kila seva inayotuma barua pepe hutambuliwa kwa anwani ya IP, namba ambayo pia huonesha mtoa huduma wa intaneti anayeisimamia. Jina la mtumaji ni rahisi kughushi, lakini namba hiyo ni vigumu kuighushi wakati seva mbili zinapowasiliana. Ndiyo maana vichujio vilianza kuitegemea. Mwaka 1997, mhandisi wa Marekani Paul Vixie alianzisha orodha ya anwani zilizojulikana kwa kutuma au kuruhusu barua taka. Mwaka 1998 ikaanzishwa Spamhaus, ambayo orodha zake hutumika duniani hadi leo.

Sifa ya anwani hujengwa na mwenendo wake. Malalamiko ya wapokeaji, barua nyingi kwenda kwa watu wasiokuwepo na ongezeko la ghafla la ujumbe huishusha. Hata anwani mpya isiyo na historia hutiliwa shaka. Mtoa huduma asipowadhibiti wateja wanaotuma taka, kundi zima la anwani zake linaweza kuzuiwa, na wateja waaminifu wakazuiwa pamoja nao. Wakazi wa kando ya ziwa wanalijua hilo: samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Athari hiyo haiwagusi wote kwa kiwango kimoja. Mfanyabiashara wa Busisi anayetuma ankara kwa Gmail kupitia simu yake hupimwa zaidi kwa sifa ya seva za Google. Anayeathirika kwa urahisi ni shule, ushirika au hoteli yenye kikoa chake, lakini barua zake zinapita kwenye seva ya bei nafuu inayotumiwa na wateja wengi. Tovuti moja kati ya hizo ikidukuliwa na kuanza kutuma taka, majirani wote hulipa deni wasilolikopa.

Kutumia anwani moja kwa pamoja mara nyingi hakukwepeki. Mfumo wa IPv4 una anwani takribani bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na AFRINIC, taasisi inayozigawa barani Afrika, iliingia katika hatua ya kubana ugawaji mwaka 2017. Hivyo, mtumaji hawezi kila mara kuchagua majirani zake.

Analoweza kufanya ni kuthibitisha utambulisho wake. Tangu Februari 2024, Google inamtaka anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail aweke uthibitisho wa SPF, DKIM na DMARC, na malalamiko ya taka yasifikie asilimia 0.3. Yahoo nayo iliweka masharti yanayofanana kwa watumaji wa barua nyingi. Uthibitisho huo huonesha seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa na kwamba ujumbe haukubadilishwa njiani. Haufuti sifa mbaya ya anwani, lakini humwezesha mtumaji kujijengea sifa yake mwenyewe.

Nchini, Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) inasimamia Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, na taasisi za umma hutumia kikoa cha go.tz. Mtumishi anayetumia anwani binafsi kwa shughuli za ofisi humnyima mwananchi alama hiyo ya utambulisho. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza utumaji wa ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo. Watoa huduma nao wana wajibu wa kushughulikia mapema wateja waliodukuliwa, kwa kuwa uzembe wao huwaumiza wasiohusika.

Kwa upande wake, mwananchi anayesubiri majibu muhimu anashauriwa kukagua folda ya barua taka mara kwa mara na kuiondolea alama ya taka barua halali anayoikuta humo, kwani hatua hiyo hukifundisha kichujio. Hata hivyo, humo pia hukaa barua za matapeli. Kabla ya kufungua kiungo au kutuma fedha, athibitishe taarifa hiyo kwenye tovuti rasmi ya taasisi husika.