Bunduki nyepesi, bega la kijana na kopo la risasi

Ujumbe wa wiki hii umetoka Goba, kwa mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa miaka saba. Baba mkwe wake alifariki mwaka jana huko Morogoro. Vitu vilipogawanywa baada ya arobaini, mume wake akarudi Dar na bunduki ya mtutu mmoja, ile inayokunjwa katikati. Alirudi pia na vile vibomba vifupi vya chuma vya kubadilishia kaliba, ambavyo wenyewe wanaviita adapta, na kopo la maziwa ya unga lililojaa risasi za kila aina. Mume anasema bunduki ni nyepesi, inafaa kulinda nyumba, na likizo ya Desemba atampeleka kijana shambani akajifunze shabaha.

Mama anauliza mambo matatu. Bega la mtoto wa miaka 14 litahimili? Mume aliijaribu mara tatu huko kijijini na tangu hapo sikio la kulia linapiga kengele, itaisha yenyewe? Na kitu hicho kikae wapi ndani ya nyumba?

Dada yangu, nianze na lile ambalo hukuliuliza. Bunduki hiyo bado si ya mume wako. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Mwenye leseni akifariki, silaha haigawanywi kama baiskeli au kitanda. Inapelekwa polisi, na mrithi anayeitaka anaanza kuomba leseni yake mwenyewe, naye anachunguzwa yeye kama yeye. Mtakumbuka uhakiki wa silaha wa mwaka 2016, foleni zilivyokuwa. Mwaka 2023 serikali ilitoa muda wa kusalimisha kwa hiari silaha zisizo halali bila kushtakiwa. Mambo hayo hayakufanywa kwa ajili ya majambazi tu. Nyumba nyingi za watu wema zina bunduki ya marehemu juu ya dari, na hakuna anayejua karatasi zake zilipo. Mume aende kituo cha polisi na mwanafamilia mwingine, aeleze, na kila anachokabidhi akipatie maandishi. Awapigie simu kwanza waelekeze namna ya kuileta. Kuingia kituoni ghafla na mtutu begani hakumfai mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye bunduki yenyewe, maana nimegundua wengi tunaoandika afya tunaikimbia mada hii kana kwamba kuieleza ni kuipigia debe.

Shotigani ya mtutu mmoja inayokunjwa ni mashine rahisi sana. Unabonyeza kitasa, mtutu unainama kutoka kwenye kitako, unaweka risasi moja, unafunga, unavuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, unafyatua. Ikikunjwa kabisa mtutu unalala sambamba na kitako, na urefu unakaribia nusu. Waitaliano wamezitengeneza kwa miaka mingi kwa ajili ya wakulima na wawindaji wa ndege. Marubani wa Jeshi la Anga la Marekani nao walipewa ya kwao, M6, yenye mitutu miwili juu na chini, wakidondoka porini wapate cha kuwindia. Kwetu wengi tumezoea gobore, linaloshindiliwa baruti kutoka mdomoni. Hii ni dada yake wa kisasa, ina uzito wa kilo mbili na ushee, na inaingia kwenye begi la shule.

Ikiwa imekunjwa haiwezi kufyatuka, na ukiifungua unaona moja kwa moja kama chemba ina kitu, na hizo ni sifa zake za kweli. Ila nyingi za zamani hazina kizuizi chochote cha usalama zaidi ya nyundo. Nyundo ikiwa imelala juu ya pini, bunduki yenye risasi ikianguka sakafuni inaweza kulia.

Adapta ndizo zilizonikosesha usingizi. Ukubwa wa mtutu wa shotigani hupimwa kwa geji, na hesabu yake ni ya kizamani: ni idadi ya mipira ya madini ya risasi inayoenea kwenye mtutu ambayo kwa pamoja hufikisha ratili moja, yaani gramu 454. Geji 12 ni mipira 12, tundu la milimita 18.5. Geji 20 ni mipira 20, kwa hiyo kila mpira ni mdogo na tundu ni la milimita 15.6. Namba ikipanda, tundu linapungua. Kisha inakuja .410, ambayo si geji bali ni sehemu ya inchi, kama milimita 10.4. Mtu asiyejua atadhani 410 ndiyo kubwa kuliko zote.

Adapta ni kibomba chenye umbo la risasi ya geji 12 kwa nje, na ndani kina nafasi ya risasi ndogo zaidi. Unakitumbukiza kwenye chemba, unaweka risasi ndogo ndani yake, na bunduki moja inakula vyakula vingi. Shabaha yake si nzuri sana, kwa sababu marisau yanatoka kwenye kibomba kifupi na kuingia mtutu mpana yakatawanyika. Lakini inafanya kazi.

Hatari inakuja pale watu wanapozoea kuchanganya. Risasi ya geji 20 ukiitia kwenye chemba ya geji 12 bila adapta, haikai pale nyuma. Inateleza mbele na kukwama mwanzoni mwa mtutu. Mpigaji akifyatua, kimya. Akifungua, chemba ni nyeupe, anadhani alisahau kuweka. Anaweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua tena. Ya nyuma inaigonga ya mbele, na mtutu unapasuka hapo hapo, mahali mkono wa kushoto ulipoishikilia bunduki. Hiyo ndiyo sababu viwanda vimekubaliana kutengeneza ganda la geji 20 kwa rangi ya njano, lionekane kwa mbali. Mama wa Goba ameniambia kwenye kopo kuna nyekundu, njano na nyingine zimepauka hazina rangi. Kopo la namna hiyo halifai kuwa ndani ya nyumba yenye bunduki hii. Risasi isiyosomeka maandishi haipigwi, basi. Na kabla mtu hajatumia adapta yoyote awaulize polisi wanaotoa leseni, kwa kuwa leseni inataja aina ya silaha, na kibomba hicho kinakupa bunduki ambayo karatasi haikuitaja.

Bega, sasa. Shotigani ya geji 12 inarusha karibu gramu 32 za marisau kwa kasi inayokaribia mita 400 kwa sekunde. Kinachokwenda mbele kinasukuma bunduki nyuma, na bunduki nzito inarudi taratibu kuliko nyepesi. Risasi ikibaki ile ile na ukapunguza uzito wa bunduki kwa theluthi moja, nishati inayofika begani inaongezeka kwa nusu. Kwa hiyo anayesema "ni nyepesi, mtoto ataiweza" ana maana ataweza kuibeba. Kuipiga ni jambo lingine. Kijana wa miaka 14 bado anakua, na mifupa yake karibu na maungio ina sehemu laini ambazo hazijakomaa. Michubuko ya bega na shavu ni kawaida, na kidole gumba kinachogonga pua ni kawaida pia. Halafu kuna kufumba macho na kujikunyata kabla ya mlio. Mwili ukishajifunza hofu hiyo, kuifuta ni kazi, na mtoto anayefumba macho akiwa na silaha mkononi ni hatari kwa aliyesimama jirani.

Hapa adapta ya .410 ina faida ya kweli, na nisiwe mchoyo wa kuisema. Risasi ya .410 hubeba marisau yasiyofika nusu ya yale ya geji 12, na pigo lake ni dogo sana. Kama familia ina leseni, adapta imekubaliwa, kuna mkufunzi anayeijua kazi, na mahali ni panapostahili, bega si hoja tena. Lakini sharti hilo lina vipande vinne, na shamba la shangazi lenye njia ya kwenda kisimani si mahali panapostahili. Hata marisau madogo ya kupigia kanga na kware hufika mita 200.

Masikio ndiyo yaliyonishangaza kwa jinsi watu wanavyoyadharau. Mlio wa shotigani kwenye sikio la mpigaji unapita desibeli 150. Shirika la Afya Duniani linashauri mlio wa ghafla usizidi desibeli 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto, na desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila ongezeko la 10 ni nishati mara kumi. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vinavyogeuza mtikisiko kuwa sauti. Vikivunjika havioti tena. Kengele anayoisikia baba ni malalamiko ya vinyweleo hivyo. Mara nyingi hupungua ndani ya saa kadhaa au siku moja, mbili. Yeye ana wiki tatu. Asisubiri zaidi, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo apimwe usikivu, na asitie mafuta ya moto wala kitunguu. Siku nyingine, sikio likiziba au kusikia kukipungua ghafla baada ya mlio, aende siku hiyo hiyo au kesho yake, kwani dawa zinazoweza kusaidia hufanya kazi mapema. Pamba haizuii kitu. Vinavyozuia ni vizibo laini vya povu vinavyoingia ndani ya tundu, na juu yake vifunika masikio kama vya mafundi wa kiwandani, vyote viwili, kwa mpigaji na kwa anayetazama.

Na bunduki hiyo ikipigwa chumbani usiku, kuta zinaurudisha mlio. Kila aliyemo, pamoja na mtoto wa miaka saba, anaupata bila kizibo.

Nafahamu kwa nini mume anaitaka. Goba ya mikorosho na mihogo tuliyoisikia kwa wazee imejaa nyumba, ila kati ya nyumba na nyumba bado kuna viwanja vya vichaka, taa za barabarani hazifiki kila kona, na jina Panya Road halijasahaulika. Simcheki. Ila atazame mwenyewe: risasi moja, giza, kopo la rangi tatu, na nyumba ya jirani mita 15. Marisau yanapita mlango wa plaiwudi na dari ya jipsamu bila kuuliza nani amelala upande wa pili. Taa ya nje, mbwa na namba ya simu ya kamanda wa ulinzi shirikishi wa mtaa vinafanya kazi usiku wote.

Kuhusu wapi ikae, wazazi wengi hujibu "juu ya kabati, watoto hawajui". Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Alabama, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2006, uliwauliza wazazi na watoto wao kila mmoja peke yake. Kati ya wazazi waliosema mtoto wao hajawahi kushika bunduki ya nyumbani, zaidi ya mmoja kati ya watano walipingwa na mtoto mwenyewe. Watoto wanajua pipi zilipo, wanajua simu ilipo, na hii wanaijua. Ikiwa leseni itapatikana, bunduki ikae imekunjwa, haina kitu, ndani ya sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti. Risasi zikae sanduku jingine, ufunguo mwingine. Na kama nyumbani kuna mtu mwenye sonona, mlevi, au ndoa yenye ngumi, jibu langu ni hapana, isiingie kabisa. Tafiti za miaka mingi zinaonyesha bunduki ya nyumbani huwadhuru wa nyumbani.

Kuna na jambo la vumbi. Kiswahili kimetupa neno moja, risasi, kwa madini na kwa kinachopigwa, na marisau mengi bado ni ya madini hayo. Hakuna kiwango cha madini ya risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Aliyeshika magamba anawe kwa sabuni kabla ya kula, nguo za shabaha zisifuliwe na za mtoto, na kanga aliyepigwa akatwe nyama yote iliyozunguka majeraha ikatupwe.

Likitokea la kutokea, jeraha linalovuja damu ligandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia, marisau yasichokolewe, na jicho lililopigwa lifunikwe kwa kikombe bila kulibonyeza. Majeruhi aende hospitali moja kwa moja, ndugu mwingine aende kituoni kufuata PF3.

Kwa leo, dada, anza na lile kopo. Usilichome na takataka, usilifukie bustanini, usimpe kijana wa gari la taka. Lifunge, liweke juu, mbali na jiko na mbali na bunduki, na mume alitaje anapowapigia polisi ili wakaguzi wao walichukue pamoja na vile vibomba.