TAARIFA YA TAWI: TUHESABU WATU, SI RISITI TU



Tangu Muhimbili ianze kutoa methadoni mwaka 2011, fedha za umma zinatumika kuwatibu waraibu wa heroini. CAG hukagua hesabu, lakini risiti safi pekee hazitoshi. Dawa hii kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kijana wa Msimbati akikosa nauli ya kwenda kliniki, tiba imekatika hata kama vitabu vimenyooka.

Msimamo wetu: ukaguzi wa ufanisi ufike Mtwara. Uulize wangapi wameanza tiba, wangapi wamebaki, wangapi wameacha na kwa nini. Majina yao yabaki siri.

Madiwani wetu waipeleke hoja hii barazani. Hawa tunaowaita mateja ni watoto wetu.

Katibu Mwenezi wa Tawi