Mkataba wa Miezi Mitatu, Chanjo ya Miezi Sita: Afya ya Wahudumu wa Muda Nyanda za Juu Kusini

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Chanjo ya kumkinga mtu mzima dhidi ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu: ya kwanza siku ya kuanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu baada ya miezi sita. Mhudumu aliyepewa mkataba wa miezi mitatu, awe katika wodi ya hospitali mkoani Mbeya au katika makao ya watoto mkoani Iringa, humaliza mkataba wake kabla ya dozi ya tatu kufika. Hesabu hiyo ndogo inaonesha kiini cha suala zima la kupima afya za wahudumu wa muda: urefu wa mkataba na urefu wa hatari havilingani.

Kundi la wahudumu hao ni pana. Wamo wauguzi na wataalamu wengine wa afya wanaofanya kazi kwa mikataba ya miradi au kwa kujitolea wakisubiri ajira za kudumu. Wamo wahudumu wa usafi wa wodi wanaoletwa na kampuni zenye zabuni, walezi katika makao ya watoto na wazee, pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotembelea kaya kijiji kwa kijiji. Wote hugusa miili ya wagonjwa, nguo zao, damu yao na pumzi yao, kama afanyavyo mtumishi mwenye cheo na namba ya utumishi.

Hatari yenyewe katika mikoa hii

Takwimu za kitaifa zinaonesha kwa nini Nyanda za Juu Kusini hazina nafasi ya kulichukulia suala hili kwa wepesi. Utafiti wa Viashiria na Matokeo ya UKIMWI Tanzania wa 2022–2023 ulionesha kuwa kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi kilikuwa asilimia 4.4 kitaifa. Mkoani Iringa kiwango hicho kilikuwa asilimia 11.1 na mkoani Mbeya asilimia 9.6. Jirani zao wa Njombe ndio waliokuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote, asilimia 12.7. Aidha, Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na mhudumu anayeingia katika nyumba za wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Chunya, ambao vumbi la miamba huwaongezea uwezekano wa kuugua ugonjwa huo, hukutana na mzigo huo ana kwa ana.

Barabara kuu ya TANZAM inayopita Iringa, Mafinga na Mbeya nayo huongeza kazi yake. Ajali ya basi au lori hufikisha majeruhi wengi hospitalini kwa mara moja, na katika haraka ya kuokoa maisha ndipo sindano humchoma mhudumu au damu humrukia machoni. Kitaalamu, mtu aliyechomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ana uwezekano wa kuambukizwa wa takribani 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini B, kwa mtu asiye na chanjo, uwezekano huo unaweza kufika 30 kati ya 100. Tofauti hiyo ndiyo inayoipa chanjo uzito wake, na ndiyo inayoonesha hasara ya kumwachia mhudumu chanjo nusu.

Si maambukizi pekee. Kumgeuza, kumnyanyua na kumwogesha mgonjwa asiyejiweza ni kazi ya mgongo na mabega. Zamu za usiku huathiri usingizi na shinikizo la damu, na kuwaona wagonjwa wakifariki huacha majeraha ya moyoni ambayo hayaonekani kwa macho. Mlipuko wa ugonjwa wa Marburg uliotangazwa mkoani Kagera mwezi Machi 2023 ulikumbusha Taifa kuwa mhudumu huwa mstari wa mbele hata kabla ugonjwa haujatambulika: miongoni mwa watu watano wa kwanza waliotangazwa kufariki alikuwamo mhudumu wa afya.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri kuhakikisha wafanyakazi wake wanapimwa afya na daktari mwenye sifa au aliyeidhinishwa, kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi wakati wa kazi. OSHA imekuwa ikisisitiza pia upimaji wa kumaliza kazi, yaani mfanyakazi anapoondoka. Wajibu huo unatokana na kazi na vihatarishi vyake. Haupungui kwa sababu mkataba ni mfupi, na gharama yake ni ya mwajiri, si ya kukatwa katika ujira wa mhudumu.

Hata hivyo, mhudumu wa muda hukutana na sheria nyingine ambayo humfanya aogope kusema anaumwa. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, mfanyakazi anaweza kupata likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Lakini mfanyakazi mwenye utumishi wa chini ya miezi sita kwa kawaida hana haki ya likizo yenye malipo, isipokuwa wa msimu, au aliyeajiriwa zaidi ya mara moja kwa mwaka na mwajiri yuleyule hadi jumla ya muda wake ikazidi miezi sita. Mwenye utumishi wa chini ya miezi sita vilevile yuko nje ya kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali.

Matokeo yake yanaeleweka bila utafiti mkubwa. Mlezi mwenye kikohozi cha wiki mbili anajua kuwa akisema atakaa nyumbani bila ujira, na huenda nafasi yake akapewa mwingine. Anakunywa dawa ya dukani, anafunga kitenge na kurudi kazini kulea watoto. Kama kikohozi hicho ni kifua kikuu, hasara haiishii kwake. Kwa hiyo upimaji wa afya usipoambatana na uhakika kwamba anayekutwa na tatizo hatatupwa, hugeuka kuwa mtihani ambao kila mwenye busara atajitahidi kuudanganya.

Utimamu hupimwa dhidi ya kazi

Hapa ndipo waajiri wengi wanahitaji ufafanuzi. Lengo la upimaji si kutafuta mtu asiye na ugonjwa wowote, kwani mtu huyo ni nadra. Daktari anatakiwa kujibu swali moja: je, mtu huyu anaweza kufanya kazi hii, mahali hapa, bila kujidhuru na bila kuwadhuru anaowahudumia? Jibu laweza kuwa ndiyo. Laweza kuwa ndiyo kwa masharti, mfano asinyanyue mgonjwa peke yake. Laweza kuwa bado, mpaka amalize sehemu ya matibabu. Na kwa nadra laweza kuwa hapana kwa kazi hiyo, huku kazi nyingine ikimfaa.

Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia dawa ipasavyo huacha kuambukiza wengine na hurejea kazini kwa ushauri wa daktari. Mwenye maumivu ya mgongo anaweza kupangiwa kazi ya mapokezi au ya kugawa dawa. Mjamzito hanyimwi kazi kwa sababu ya ujauzito. Sheria ya ajira inakataza ubaguzi huo, na inamkataza mwajiri kumpangia kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi kwa cheti cha daktari. Usiku huo, kwa mujibu wa sheria, ni kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Kuhusu VVU, msimamo wa nchi hauna utata. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI Na. 28 ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na sheria ya ajira inakataza kumbagua mfanyakazi kwa hali yake ya VVU. Mwajiri anayedai cheti cha VVU kabla ya kumpa mtu kazi ya ulezi anavunja sheria, hata kama anadai kuwalinda wagonjwa. Ulinzi wa wagonjwa hutokana na glavu, maji na sabuni, masanduku salama ya sindano na utaratibu unaofuatwa kwa kila mgonjwa. Vivyo hivyo, kinachopaswa kumfikia mwajiri baada ya upimaji ni hukumu ya daktari kuhusu kazi. Majina ya magonjwa na majibu ya maabara hubaki siri kati ya daktari na aliyepimwa.

Saa 72 na miezi inayofuata

Mhudumu anapochomwa na sindano, saa huanza kuhesabiwa. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, wala zisizidi saa 72, kisha zitumiwe kwa siku 28, na vipimo vya ufuatiliaji huendelea kwa miezi kadhaa. Mhudumu wa muda aliyechomwa katika wiki ya mwisho ya mkataba atakuwa ameshaondoka kabla ya kumaliza dawa. Ndiyo maana taarifa ya ajali inapaswa kuandikwa siku hiyohiyo katika rejesta, ikitaja tarehe, mahali na mashahidi. Bila karatasi hiyo, miezi sita baadaye hakutakuwa na namna rahisi ya kuonesha kuwa maambukizi yalitokana na kazi.

Taarifa hiyo pia ndiyo mlango wa fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa chini ya Sheria Na. 20 ya 2008 na kuanza kazi Julai 1, 2015, hutoa mafao kwa wanaoumia, kuugua au kufariki kutokana na kazi. Mafao hayo yanajumuisha matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu, utengamao, malipo kwa anayemhudumia mgonjwa, msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake. Mhudumu hatakiwi kuchangia chochote, bali anatakiwa kujua kama mwajiri wake amesajiliwa.

Swali gumu zaidi ni la wale ambao mwajiri wao hajulikani waziwazi. Januari 2024 Serikali ilizindua Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, unaolenga kuwafikia wahudumu 137,294 nchini kwa miaka mitano, wakipata mafunzo ya miezi sita kabla ya kuanza kazi. Ni hatua kubwa ya kuondoa kazi hiyo katika hali ya kujitolea bila mfumo. Hatua hiyo inaleta pia wajibu: anayetumwa kupanda milima ya Rungwe au Kilolo kumfuata mgonjwa anahitaji kujua, kabla ya safari ya kwanza, ni ofisi gani itampima, itamchanja na itakayopokea taarifa yake akiumia.

Yanayowezekana sasa

Mambo kadhaa yanaweza kufanyika bila kusubiri sheria mpya. Halmashauri na hospitali zinaweza kuweka sharti katika zabuni za usafi na mikataba ya miradi kwamba mhudumu apimwe, aanzishiwe chanjo ya homa ya ini kabla ya kuingia wodini, na apewe kadi itakayomwezesha kumalizia dozi katika kituo chochote baada ya mkataba. Waajiri wanaweza kukubaliana na wahudumu juu ya siku chache za kuugua zenye malipo hata kwa mikataba mifupi; sheria imeweka kiwango cha chini, haijamzuia mwajiri kutoa zaidi. Wamiliki wa makao ya watoto na wazee wanaweza kuomba ushauri wa OSHA, yenye ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya, kabla ya kufikiwa na ukaguzi.

Kwa upande wake, mhudumu anashauriwa kutunza nakala ya mkataba, kadi ya chanjo na majibu ya upimaji, na kutoa taarifa ya kila ajali, hata ile inayoonekana ndogo. Mwananchi aliyelaza mzazi wake wodini naye ana sehemu yake. Anaweza kuuliza kwa adabu kama anayemhudumia mgonjwa wake ana glavu na barakoa, na akielezwa kuwa hazipo, alifikishe suala hilo kwa uongozi wa kituo.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa mhudumu wa muda wa Mbeya na Iringa, kinga hiyo ina sura ya dozi tatu za chanjo, jina lililoandikwa katika rejesta na daktari anayetunza siri. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mkataba mrefu ili lianze, na yote yanatakiwa kuendelea kumlinda baada ya mkataba kwisha.